Mbegu bora, hori tupu: Mbona ng'ombe wa kisasa anakonda akishazaa?

Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichopo Usa River, Arusha, kinazalisha mbegu za madume bora, na wafugaji wanahimizwa kupandisha kwa chupa. Lakini malalamiko hayaishi: mtamba kanunuliwa kwa mkopo, kazaa, maziwa tele wiki chache, halafu mbavu zinahesabika na mimba haishiki.

Wengi wanalaumu minyoo. Wengine jicho la jirani. Mara nyingi, jibu liko kwenye homoni.

Ng'ombe akizaa, insulini, homoni inayouamuru mwili uhifadhi mafuta, inashuka. Homoni ya ukuaji inapanda. Mafuta ya mwilini yanaanza kuyeyushwa na kuingia kwenye damu, ili sukari iliyopo iachiwe kiwele.

Na sukari yenyewe ni ya kutafuta. Ng'ombe haipati kwa wingi moja kwa moja kwenye chakula kama binadamu. Ini lake huitengeneza, hasa kutokana na asidi zinazopatikana malisho yanapochachuka tumboni. Lita moja ya maziwa inahitaji takribani gramu 70. Kwa lita 20, hiyo ni kama kilo 1.4 kila siku.

Ng'ombe wa asili anayetoa lita mbili hana presha hiyo. Friesian anayo. Amechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya maziwa, na homoni zake hazisubiri hori lijae. Mafuta yakizidi, ini linaelemewa, ketoni zinajaa kwenye damu, ng'ombe anasusa kula na kuzidi kukonda. Hiyo ndiyo ketosisi.

Kumnenepesha kupita kiasi kabla hajazaa nako siyo dawa. Mnene hula kidogo akishazaa, na huyeyusha mafuta mengi zaidi. Wataalamu hupima unene kwa alama 1 hadi 5, na wanataka azae akiwa kwenye 3 au juu yake kidogo.

Hapo ndipo hesabu za kampeni zinapopwaya. Mbegu inalipiwa mara moja. Pumba na mashudu ni kila siku, na kiangazi bei inapanda. Kuhesabu dozi zilizosambazwa bila kuuliza ng'ombe atakula nini wiki tatu kabla ya kuzaa na miezi miwili baadaye ni kuhesabu nusu ya kazi. Mfugaji mwenye majani makavu tu ana nafuu akiwa na chotara wa lita nane kuliko Friesian wa lita 20.