Kamera kali haipimi mtoto (sehemu ya 3)

Mama zangu wa Bumbire, leo nagomba. Mnaniambia, "Nesi, simu yangu macho matatu, picha hii hapa, niambie mtoto ana nini." Jamani, simu hizo zinalainisha ngozi na kubadili rangi zenyewe! Upele unafutika, manjano ya kichanga hayaonekani, nami najibu "yuko vizuri".

Mohamed Amin wa Kenya alirekodi njaa ya Ethiopia mwaka 1984 bila filta yoyote. Dunia ilishtuka kwa sababu aliuonyesha ukweli.

Basi zima filta, piga mchana karibu na mlango. Lakini kichanga akipata manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au akigoma kunyonya, achana na picha. Mlete kituoni sasa hivi.