Boda Kaondoka Nayo, Rejesho Kamuachia, Halafu Nyie Mnamcheka Nani?

Najua wengi mmeingia humu mkitafuta muendelezo wa ile stori ya msanii wetu wa kike na yule mzee wa Masaki. Ipo, itakuja. Leo nina hasira, na nusu ya hasira yenyewe najikasirikia mimi, kwa hiyo mnivumilie.

Mnaikumbuka ile video ya kina mama wanatoa sofa, sabufa na mtungi wa gesi kwenye chumba cha mtu? Ilizunguka kwenye status za kila mtu. Na mimi niliiposti hapa, nikaandika "kausha damu haina undugu", nikaweka na vicheko vitatu. Ikasomwa kuliko kitu chochote nilichoandika mwezi ule. Basi nimekuja kugundua yule mdada aliyekaa juu ya ndoo mlangoni, kajifunika khanga usoni, ni msusi wangu. Mtu aliyeshika kichwa changu miaka miwili! Sikumtambua kwa sababu ya khanga, na kwa sababu nilikuwa bize nacheka.

Nimekaa naye. Kaniruhusu nieleze bila jina, akasema "andika tu, aibu yenyewe imeshaisha".

Kwanza wale kwenye video hawakuwa kausha damu. Walikuwa wenzake wa kikundi. Huu mkopo wa kikundi mnaujua, mnadhaminiana wenyewe kwa wenyewe, kila wiki kikao, na pesa isipotimia hatoki mtu. Mmoja akishindwa wengine wanamlipia, wakichoka wanakuja kubeba vyombo. Nao siwalaumu sana, ni wauza vitumbua na mama ntilie, hiyo pesa wanayomlipia inatoka kwenye mtaji wao.

Sasa mkopo wenyewe. Alichukua 2,400,000, akavunja na kibubu chake cha 300,000, ikanunuliwa bodaboda ya 2,700,000. Ya nani? Ya mwanaume wake, maana jamaa alikuwa anaendesha boda ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu. Wakaona bora wawe na ya kwao. Wana miaka minne pamoja na watoto wawili. Rejesho ni 60,000 kwa wiki, wiki 48, jumla 2,880,000. Na mpango ulikuwa umekaa vizuri kabisa: boda inaingiza 10,000 kwa siku, siku sita, rejesho hilo hapo. Kadi ya pikipiki ikaandikwa jina la mwanaume. Fomu ya mkopo ikaandikwa jina la mwanamke, mwanaume akasaini kama mdhamini.

Wiki ya 17 jamaa akahama. Na boda.

Hapo ndipo nataka mchukue kalamu, nyie mliokoment "kukopa harusi kulipa matanga". Msusi kwa siku nzuri anatoka saluni na 12,000, siku mbaya 3,000, nusu ya kila kichwa ni ya mwenye saluni. Kwa wiki anapata kama 50,000. Rejesho ni 60,000. Yaani hata angefunga mdomo, asile yeye wala watoto, asilipe kodi, asipande daladala, bado pengo la 10,000. Hapo uzembe uko wapi? Hesabu imekataa tu.

Akafanya kile ambacho wengi wenu mngefanya. Akaenda kausha damu. Akaandikiwa 200,000, wakakata 20,000 ya fomu, akapewa 180,000. Marejesho 9,000 kila siku kwa siku 30. Ile 180,000 ikalipa rejesho la wiki tatu. Ila ndani ya wiki hizo hizo tatu yeye kawapa kausha damu 189,000, kauza mpaka simu yake. Soma tena. Katoa 189,000 ili apate 180,000, na bado wanamdai 81,000. Wiki ya 20 na ya 21 wenzake wakamlipia, ya 22 wakaja kubeba. Vyombo vikauzwa 210,000 kwa bei ya kutupa, yote ikaishia kwenye madeni na faini. Zikabaki wiki 26, ambazo ni 1,560,000, kwa mtu anayelala kwenye mkeka.

Na hapo ashukuru hakuingia kwenye zile programu za simu. Zile ukichelewa siku moja anatumiwa meseji mama mkwe, bosi wako, na fundi aliyekutengenezea bomba mwaka juzi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Sitini na tisa!

Sasa twende kwenye swali lenu kubwa, "nani alimtuma kumkopea mwanaume?" Nimelisoma mpaka nimelikariri. Mwanamke akikataa kukopa mnamuita mchoyo, hajengi na mumewe, anataka vilivyoiva. Akikopa mnamwita mke wa kuigwa. Mwanaume akiondoka, mkopo ule ule unageuka ujinga wake peke yake. Mbona sijaona hata mmoja aliyeuliza nani alimtuma yule bwana kuondoka na boda ambayo bado inalipiwa? Kuachana ni haki yake, mapenzi yakiisha yameisha. Ila yeye kaacha mtu, hajaacha mali. Kabeba mali, kaacha deni.

Na ofisi iliyotoa mkopo nayo ina mambo. Siku ya kukopa walimwambia bila saini ya mume hapati hata mia. Alipokwenda kuwaambia mume mwenyewe kaondoka, afisa mikopo akamjibu, "Dada yangu, sisi tunamjua aliyechukua hela." Kumbe ile saini ilikuwa ya nini, pambo?

Mimi niliishia kidato cha nne, sheria sijasoma. Ila nilikaa na mtu wa msaada wa kisheria akanionyesha, nami nikasoma kwa macho yangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama ikigawa mali za waliotengana au kuachana, iangalie na madeni ambayo mmoja wao alikopa kwa faida ya wote wawili. Imo humo tangu bibi zetu wasichana. Haijasema deni linamfuata aliyesaini na boda inamfuata mwenye funguo.

Mtasema hawakufunga ndoa, ni sogea tukae. Sawa, fungua kifungu cha 160. Mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakawajua kama mke na mume, sheria inachukulia kwamba mna ndoa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Hawa wana minne. Na hata akithibitisha hapakuwa na ndoa, mwanamke bado anaruhusiwa kudai matunzo yake na ya watoto. Na kwa wale wa "kadi ina jina lake", jina kwenye kadi halimalizi kesi, inaangaliwa nani alichangia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye kupata mali. Huyu wangu ana zaidi ya kazi za nyumbani, ana kitabu cha marejesho chenye mihuri.

Njia si nyepesi, sitawadanganya. Unaanzia baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata, ukitoka hapo ndiyo mahakamani, na kila safari ni nauli na siku bila vichwa vya kusuka. Ndiyo maana wanaume wa aina hii wanalala usingizi. Wanajua mtu anayehesabu mia mia hana siku ya kupoteza kwenye benchi la kata.

Kuna wanaume nao yanawakuta, msinivamie. Namjua mtumishi mmoja alikopa kupitia mshahara kwa ajili ya harusi, ukumbi, MC, keki ya ghorofa. Ndoa ikafa kabla ya mwaka, makato yanaendelea, anabaki na ile theluthi tu. Naye kila akilalamika anaambiwa awe mwanaume. Ila keki walikula watu mia tatu, haikupakiwa kwenye begi na mtu mmoja. Boda ya huyu dada inazunguka mjini na kila siku inaingiza pesa.

Halafu hii tabia yetu ya mastaa. Yule dada wa tamthilia alivyoachana mwaka juzi akaposti yuko Dubai, nywele mpya, kucha mpya, "mwanamke usilie, pendeza". Sisi wote na mioyo myekundu. Tangu hapo kila aliyeachwa mtaani anashauriwa apendeze ili ex ajute. Jamani, mwenye rejesho la 60,000 anapendeza na nini? Msusi wangu ananiambia wanakuja wateja wameachwa juzi, wanataka nywele za laki na nusu kwa mkopo, "nimuonyeshe". Anawasuka. Wengine hawarudi kulipa. Yaani anadaiwa na kudaiwa, na wadeni wake wanaposti wamependeza.

Aliyenisikitisha zaidi ni mimi. Ukimposti mtu anabebewa vyombo unamfanyia kazi mkopeshaji, bure, bila hata nauli. Kinachomfanya mwenzako akimbilie kausha damu saa tatu usiku badala ya kwenda ofisini kusema "nimekwama" ni hofu ya video kama ile. Huyu dada alikaa wiki tano hajamwambia mtu jamaa kaondoka. Wiki tano! Angesema wiki ya kwanza, angeomba apangiwe upya kabla ya kausha damu, sofa angekuwa amelikalia mpaka leo.

Wiki iliyopita nimemsindikiza ofisini kwao. Tumekaa kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Wamekubali kumpangia upya, 35,000 kwa wiki, muda umerefuka na riba imeongezeka kidogo, na kikundi kimesaini upya. Barua ya wito ya baraza la kata imetoka. Bwana kasema kwenye simu hatakwenda, eti "hayo ni madeni ya wanawake".

Juzi nimeiona boda pale Mbagala Rangi Tatu. Imewekwa siti mpya.

Ile video nimeifuta. Haya, njooni mnitukane.