Kabla hujamnunulia kamanda nyota

Juma hili tuanze na barua. Imetoka kwa kijana wa Itumbe, huko Kisii, anayeendesha bodaboda na kuwasaidia wazazi wake kuchuma majani chai. Ana mke na binti mmoja ambaye ataingia gredi ya kwanza Januari. Kijana huyu ananiomba nisimhubirie aache kucheza na simu. Ana swali moja tu, nami naona anastahili jibu.

Anacheza mchezo wa vita uitwao Rise of Kingdoms. Muungano wake, ambao wanachama wake wametapakaa nchi nyingi asizowahi kuziona, unajiandaa kupigana na ufalme mwingine. Viongozi wa muungano wanamhimiza amwimarishe kamanda wake wa wapanda farasi upesi, la sivyo watamwondoa kundini. Kijana ameweka akiba ya shilingi 6,500. Anauliza: "Je, niwekeze pesa hizi kwa kamanda huyu au nisiwekeze?"

Huenda wewe uliyefungua ukurasa huu ukitafuta mapishi umeanza kucheka. Usicheke. Yamkini swali hili limo nyumbani mwako pia, ila aliye nalo hajakuambia. Labda ni mwanao aliye chuoni, labda ni mumeo anayechelewa kuzima taa. Hebu tulitazame kwa makini.

HUYU KAMANDA NI NANI?

Kwa wale wasioujua, mchezo huu ulitolewa mwaka 2018 na kampuni ya Lilith ya China ukiitwa Rise of Civilizations, kisha mwaka 2019 ukapewa jina la sasa. Kuupakua ni bure. Mchezaji hujenga mji, hulima, hukata miti, hufunza askari na hujiunga na wenzake katika muungano. Lakini askari hawaendi vitani peke yao. Lazima waongozwe na kamanda, na nguvu za kamanda ndizo zinazoamua nani atarudi nyumbani na nani atazikwa.

Wengi wa makamanda hao ni watu waliopata kuishi. Yumo Julius Caesar wa Roma. Yumo Saladin, aliyeitwaa Jerusalem mwaka 1187. Yumo Joan of Arc, msichana wa Ufaransa aliyechomwa moto mwaka 1431. Kijana anayecheza kwa akili anaweza kujifunza historia hapo, na hilo si jambo la kudharau. Ningefurahi zaidi kama kijana wa Kisii anayemjua Caesar angemjua pia Otenyo Nyamaterere, shujaa wa Abagusii aliyemchoma mkuki ofisa Mwingereza, Northcote, mwaka 1908. Otenyo hauzwi kwa vifurushi. Na hata hao wengine, habari zao husomwa bila malipo. Kinachouzwa ni nguvu zao ndani ya mchezo.

SANAMU MIA SITA NA TISINI

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotelea.

Kamanda wa daraja la juu huimarishwa kwa vitu viitwavyo sanamu. Ana stadi nne za kivita, na kila moja hupanda kutoka kiwango cha kwanza hadi cha tano. Kuzifikisha zote nne kileleni huhitaji takriban sanamu 690. Zikishakamilika ndipo hufunguka stadi ya tano, ambayo mara nyingi ndiyo humfanya kamanda atishe.

Fauka ya hayo, ukishatoa sanamu zako huchagui ni stadi gani ipande. Mchezo wenyewe huchagua kwa bahati nasibu miongoni mwa zile zilizokwisha funguka. Waweza kulenga stadi ya kwanza ukaona ya tatu ndiyo inayopanda. Wachezaji wenye uzoefu wana dawa ya hili: humwacha kamanda akiwa na nyota moja, wakati stadi ya kwanza pekee ndiyo iliyo wazi, wakaifikisha kiwango cha tano kabla ya kumwongeza nyota ya pili. Dawa hiyo haigharimu hata senti, inataka subira tu.

Na bei je? Vifurushi vingi vya michezo ya aina hii hupangwa kama ngazi. Cha kwanza huwa cha dola 5 hivi, kinachofuata 10, kisha 20, kisha 50, na cha juu kabisa 100. Hufikii kipago cha juu kabla ya kukanyaga cha chini. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 130, vipago hivyo ni shilingi 650, 1,300, 2,600, 6,500 na 13,000. Anayepanda ngazi yote ametumia shilingi 24,050.

Kijana wetu ana shilingi 6,500. Pesa hizo zitampandisha vipago vitatu, jumla shilingi 4,550. Atabaki na shilingi 1,950, na kipago cha nne kitamtazama kwa shilingi 6,500. Hapo ndipo shetani huja na shauri la Fuliza. Ngazi imepangwa hivyo makusudi. Kipago cha kwanza ni rahisi ili cha pili kisikutishe.

UWEKEZAJI AU MATUMIZI?

Msomaji, nataka tusimame kidogo kwenye neno alilolitumia kijana huyu: kuwekeza.

Mkulima wa Itumbe anajua kuwekeza ni nini. Mche wa chai huupandi leo ukachuma kesho. Huupalilia na kuungoja miaka kadhaa kabla haujatoa mavuno ya maana. Baadaye huchuma majani mawili na chipukizi, hupeleka kikapu kituoni, hupimiwa, na mwisho wa mwezi hupata chochote. Mwisho wa mwaka hungoja bonasi. Naam, bonasi yenyewe huweza kumvunja mtu moyo, kama ilivyokuwa mwaka 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, wa Kisii wakiwemo, walipolalamika kwamba wamelipwa kidogo mno. Hata hivyo, baada ya malalamiko yote, mche ungali shambani. Unaweza kuukatia ukachipua tena. Unaweza kumrithisha mtoto.

Au chukua sanamu za kweli, zile za mawe ya Tabaka. Ukimnunulia mchongaji sanamu moja ya twiga, twiga huyo ni wako. Waweza kumweka mezani, kumpa mgeni zawadi, au kumuuza siku ya shida. Sanamu za kamanda haziuziki. Kwa kawaida masharti ya michezo hii, ambayo wengi huyakubali bila kuyasoma, husema kwamba mchezaji hamiliki vitu hivyo. Amepewa ruhusa ya kuvitumia tu, na kumuuzia mtu mwingine akaunti huwa ni marufuku.

Kampuni ikifunga mchezo, kamanda huzikwa nao. Haya si maneno ya kutisha watoto. Mchezo uitwao Star Wars: Commander ulitolewa mwaka 2014, watu wakaucheza na kuununulia vitu kwa miaka, kisha mwaka 2020 ukafungwa kabisa. Majeshi yote yakapotea. Na hata pasipofungwa, makamanda wapya huletwa kila mara wakiwa na nguvu kuliko wa zamani. Yule anayesifiwa msimu huu, msimu ujao hukaa benchi.

Kwa hivyo tuliite jambo hili kwa jina lake. Kumnunulia kamanda nyota si uwekezaji. Ni matumizi, tena ni starehe. Nami sisemi starehe ni dhambi. Mtu hununua soda, huenda kutazama mpira, hununua viatu vya kwendea harusi. Ila hakuna anayeagiza kreti ya soda kisha akamwambia mkewe amewekeza. Neno likisahihishwa, hesabu nayo hujisahihisha.

MASWALI MATANO

Kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, jiulize haya, tena ujijibu kwa ukweli.

Kwanza: pesa hizi zilikuwa na kazi gani jana, kabla ofa haijatokea? Kama jana zilikuwa za sare ya shule, leo hazijageuka kuwa za farasi.

Pili: naweza kumkamilisha kamanda huyu, au nitamwacha njiani? Katika mchezo huu kamanda mmoja aliyekamilika huwashinda watatu walioachwa nusu. Anayegawa sanamu zake kwa kila kamanda mpya ni kama mkulima anayepanda mistari miwili ya chai, miwili ya kahawa na miwili ya miwa, asipate mzigo wa kupeleka popote.

Tatu: je, anaweza kupatikana bila pesa? Sun Tzu, ambaye ni wa daraja la kati, hupatikana kwa kucheza tu, na amewafaa wengi. Aethelflaed ni wa daraja la juu, lakini sanamu zake hubadilishwa kwa medali ambazo mchezaji hujishindia. Huchukua muda mrefu. Lakini chai nayo huchukua muda, mbona twaingoja?

Nne: nani anayenihimiza? Kiongozi wa muungano anayekuambia "nunua au utoke" hajui kwenu wala hatakuletea unga. Kuna miungano mingi inayowapokea wasionunua, mradi wawe watiifu na waamke wanapoitwa.

Tano: ningali nitaitaka ofa hii kesho asubuhi? Zile saa zinazohesabu kurudi nyuma zimewekwa ili usilale. Wewe lala. Ofa nyingi hurudi zikiwa na rangi nyingine.

JIBU LANGU

Kwa kijana wa Itumbe, jibu langu ni hili. Usimnunulie kamanda huyo nyota kwa shilingi 6,500 hizo. Januari iko mlangoni, na binti yako atahitaji sare, vitabu na viatu. Pikipiki nayo haitembei kwa sifa, inataka mafuta na matairi. Isitoshe, wewe mwenyewe umeona kwamba pesa hizo hazifiki popote: zitakuacha katikati ya ngazi, ukiwa na kamanda nusu na hamu nzima.

Lakini sikukatazi kucheza. Mchague kamanda huyo huyo wa wapanda farasi, umfanye wa pekee. Kila sanamu ya bure utakayopata mpelekee yeye, usiwatazame wengine. Maliza stadi ya kwanza kabla ya nyota ya pili. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na kamanda wa kuheshimika, na hakuna atakayekudai.

Na kama siku moja, baada ya karo, chakula na deni la duka, utabakiwa na shilingi mia chache ukataka kujiburudisha, zungumza kwanza na mama watoto. Mwambie ni za mchezo. Kama unaona haya kumwambia, basi jibu umekwisha kulipata bila kuniandikia. Weka kiwango, kwa mfano kile ambacho ungetumia kwa chai na mandazi mwezi mzima, wala usikivuke. Usilipe kwa Fuliza, usikope kwa programu za simu, wala usiguse pesa za chama.

NENO KWA WAZAZI NA WAKE

Si vizuri kumnyang'anya mtu simu na kuivunja. Nimesikia ya namna hiyo, na mara nyingi ugomvi huishi muda mrefu kuliko mchezo. Kaa karibu naye umwombe akuonyeshe mji wake. Muulize kamanda wake ni nani na alifanya nini duniani. Akiona humdharau, atakuambia pia ametumia pesa ngapi.

Lakini uwe macho. Siku hizi vitu hivi hununuliwa kwa M-Pesa papo hapo. Usimpe mtoto namba yako ya siri, wala usimwachie simu ambayo imekwisha kuunganishwa na malipo. Tena umfahamishe mapema kwamba magurudumu ya bahati yaliyomo kwenye michezo hii ni binamu za kamari. Mwaka 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa katika baadhi ya michezo ya video ni kamari hasa. Mtoto anayezoea kulipa ili azungushe gurudumu hatashangaa akialikwa kubashiri mpira.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari usiku wa leo, wewe uchezaye na wewe usiyecheza, uandike pesa za starehe zilizotoka nyumbani mwako mwezi huu. Usimlaumu mtu kwanza. Jumlisha tu, kisha mketi pamoja.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.