Mcheza Kwao Hutunzwa



Siku hizi makampuni mengi, yanapofanya mikutano yao ya mwaka au yanapowapa mawakala safari ya zawadi kwa kuuza mali nyingi, hayaridhiki tena na ukumbi wa hoteli. Yanatafuta mahali penye historia: ngome ya kale, nyumba ya makumbusho, uwanja wa ngoma. Wageni hupigiwa ngoma, hupikiwa chakula cha asili, huonyeshwa kazi za mikono, kisha hurudi makwao na picha.

Sisi hatulipingi jambo hilo. Kumbi za hoteli hufanana mji kwa mji, na faida ya hoteli kubwa mara nyingi huvuka bahari. Ni heri fedha hizo zimfikie mpiga ngoma, mpishi na msusi wa mikeka. Lakini tunauliza: katika shughuli hizo, ni nani anayehesabiwa kuwa mfanyakazi?

Tazameni makaburi ya Kasubi, mjini Kampala. Nyumba ile kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 iwe jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza, na leo wamelala humo makabaka 4. UNESCO iliyaingiza makaburi hayo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliteketea kwa moto, na kuijenga upya kulichukua miaka mingi. Kwa desturi, kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na vitambaa vya magome ya mutuba ni kazi ya ukoo wa Ngonge. Huo ni ufundi wa kurithishana, na mwenye ufundi huo ni fundi sawa na fundi wa mashine. Tena pale ni makaburini, si mahali pa kupanga meza za bia. Kampuni inayotaka kupeleka wageni iwaulize kwanza wenyewe walinzi wa mahali, na ikiambiwa hapana, ikubali.

Tazameni na Unguja. Jumba la Maajabu lilijengwa mwaka 1883, zama za Sultan Barghash, na kwa miaka mingi wageni wamelistaajabia. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu 2 walikufa. Basi tujue kwamba kila ukuta wa kale unaopendeza machoni una watu wanaoutengeneza, na usalama wao unatakiwa kuulizwa kabla ya kuuliza bei ya ukumbi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, leo hutunzwa kweli? Kikundi cha ngoma kinaitwa asubuhi, kinangojea juani mpaka mkutano uishe, kinacheza jioni, kisha kinapewa soda na nauli, na kuambiwa kwamba kimetangazwa. Mkurugenzi akitoa hotuba ya saa moja, hakuna anayemwambia kwamba mshahara wake ni kutangazwa.

Tena liko jambo linalotugusa sisi wenyewe. Safari hizi humwendea meneja na wakala wa mauzo. Lakini wakala hawezi kuuza mfuko wa sukari kama hakuna aliyekata miwa, wala pakiti ya chai kama hakuna aliyechuma majani. Mkata miwa hulipa kodi ya nchi inayotunza makumbusho, na mtoto wake hajapata kuingia humo hata siku moja.

Kwa hiyo tunasema waajiri wakubali mambo haya manne:

Kwanza, wapiga ngoma, wapishi na waongozaji wageni wapewe mapatano ya maandishi, chakula na usafiri, na walipwe siku ile ile ya kazi.

Pili, mahali pachaguliwe kwa idhini ya wenyewe, na usalama wa jengo ukaguliwe.

Tatu, orodha ya wanaokwenda safari ijadiliwe na kamati ya chama kazini, na wa kiwandani na wa shambani wawemo, wanawake kwa wanaume.

Nne, safari isiwe badala ya mshahara, wala ya malipo ya saa za ziada. Picha ya ngome haimlipii mtoto ada ya shule.

Ndugu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asipopona, ugeni huo ni wa faida ya nani? Kamati za matawi ziyaweke mambo haya mezani katika majadiliano yajayo na waajiri, na zitakapokutana na vikundi vya ngoma vya wilayani kwao, ziwakaribishe kama wafanyakazi wenzetu.