Cheti Hakibebi Ghorofa

Bandarini Dar es Salaam kuna kilio kisichokauka. Mwagizaji wa nondo, mabati au mabomba ya chuma akizuiliwa mzigo kwa kukosa cheti cha ubora, papo hapo atasema serikali inaua biashara. Wakala wake wa forodha atampigia simu mkubwa huyu na yule, gharama za kuhifadhi kontena zitapanda, na lawama zote zitamwagwa mlangoni mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kilio hiki kimetuchosha. Utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa kabla hazijapakiwa melini tunao tangu mwaka 2012. Kenya walitutangulia, wakaanza mwaka 2005. Anayeshusha chuma leo bila cheti, halafu akasema hakujua, anatudanganya mchana kweupe.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Kabla mzigo haujaondoka, kampuni iliyoteuliwa na TBS katika nchi unakotoka inapokea nyaraka, inaukagua na kudai majibu ya maabara. Ukikidhi kiwango, cheti kinatolewa. Njia ni tatu. Mwenye bidhaa isiyosajiliwa hupimiwa kila shehena. Aliyesajili bidhaa zake hupata nafuu. Na kiwanda kilichokaguliwa hadi kikapewa leseni hupita kwa wepesi zaidi. Kwa shehena kubwa, ada ya kazi hiyo haifiki hata asilimia 1 ya thamani ya mzigo. Mfanyabiashara anayeagiza mamia ya tani za nondo, halafu akaapa kwamba ada hiyo ndiyo inayomfilisi, atuonyeshe hesabu zake.

Sababu ya ukali huu ni hesabu rahisi. Nondo ya milimita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 0.888 kwa kila mita. Kipande chake cha mita 12 kina kilo 10 na nusu na ushee. Sasa chukua nondo ya milimita 11, ibandike jina la 12, uiuze. Macho ya mnunuzi hayaoni tofauti ya milimita moja, lakini mzani unaiona: kipande kile kile kina kama kilo 9 tu. Chuma kinachobeba mzigo ndani ya zege kimepungua kwa asilimia 16. Kiwango kinaruhusu kupungua kwa asilimia chache. Hakiruhusu wizi wa namna hii. Mhandisi alipiga hesabu ya nguzo kwa milimita 12, ramani ikapitishwa kwa milimita 12, mwenye nyumba akalipia milimita 12. Kilichozikwa ndani ya zege ni kitu kingine, na hakuna atakayekifukua kukipima mpaka siku jengo litakapoanguka.

Unene ni nusu tu ya habari. Chuma kizuri huvutika kwanza kabla ya kukatika, na kule kuvutika ndiko kunakowapa watu nafasi ya kuona nyufa na kukimbia. Chuma kibaya hukatika ghafla. Mafundi wanalijua hili kuliko wengi wetu: kuna nondo ukiikunja tu kutengeneza ringi, inapasuka mikononi. Wanaitupa pembeni, wanachukua nyingine kutoka mzigo uleule, kazi inaendelea.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa likaporomoka Kariakoo na kuua watu. Sisemi nondo ndizo zilizoangusha majengo hayo. Jengo huanguka kwa sababu nyingi. Nasema nchi iliyozika watu wake mara mbili namna hiyo imepoteza haki ya kufanya mzaha na chuma.

Na mzaha mkubwa unafanyika baada ya bandari. Cheti kikishagongwa muhuri, kinaingia kwenye faili la wakala wa forodha na hapo ndipo mwisho wa safari yake. Nondo zinapakiwa lori, zinafika kwa muuzaji wa jumla, zinagawanywa, zinachanganywa na za viwanda vingine, zinasambaa hadi Mbagala, Morogoro na Sumbawanga. Mjane anayejenga vyumba vitatu anaambiwa, “Hii ni ya milimita 12, mama.” Cheti kiko wapi? Mzani uko wapi? Anauziwa kwa kipande, kwa kuangalia na kwa kuaminiana. TBS hufanya misako madukani, ni kweli, lakini msako wa mara mojamoja humshtua tapeli kwa wiki moja, kisha biashara inarudi palepale.

Tumekwisha kuonja pia hatari ya kuiabudu karatasi. Ile kashfa ya TBS kuhusu ukaguzi wa magari yaliyotumika huko yanakotoka, iliyofika bungeni, ilitufundisha kwamba kampuni inaweza kutajwa kuwa inakagua Hong Kong na Singapore, na wabunge wakifika huko wasiikute. Mwenye kumbukumbu hawezi kuridhika na muhuri peke yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwagizaji mdogo, anayechangia kontena na wenzake Guangzhou, ada ya kima cha chini inamuumiza kuliko tajiri. Huyo asikilizwe, yeye na wenzake wapewe njia ya kukaguliwa kwa pamoja. Viwanda vyetu vya ndani navyo visijifiche nyuma ya bendera. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa juu wa asilimia 35 kwa bidhaa zinazoweza kuzalishwa nyumbani. Ushuru unalinda kiwanda, haulindi nyumba. Nondo iliyoyeyushwa hapa kutokana na vyuma chakavu ipimwe kwa mzani uleule.

Kwa hiyo madai ni matatu. Kwanza, namba ya cheti ifuate nondo hadi duka la mwisho, na mnunuzi aweze kuihakiki kwa simu yake. Pili, TBS na Wakala wa Vipimo waamuru kila duka la vifaa vya ujenzi liwe na mzani, na uzito wa kila nondo uandikwe ubaoni kando ya bei. Tatu, sampuli zichukuliwe madukani bila taarifa, na majina ya waliopunja yatangazwe hadharani, awe mwagizaji au mwenye kiwanda.

Nawe unayejenga usisubiri amri ya serikali. Dai kuona alama ya kiwanda iliyochorwa kwenye nondo yenyewe. Beba mzani. Kipande cha mita 12 cha milimita 12 kikisoma kilo 9, kiache hapohapo dukani, na umwambie muuzaji sababu mbele ya wateja wengine.