Programu Usiyoijua ni Mbuzi Mgeni: Ifunge Kando Kwanza

Wasee, tuanze na ukweli. Ule ushauri wa "usipakue kitu usichokijua" haujasaidia mtu huku kwetu. Ni ushauri wa mtu mwenye doo ya kununua leseni ya kila kitu. Sisi tunapakua. Tunapakua ya kuediti video, ya kubadilisha PDF, gemu ya bure, na ile ya kuamilisha Windows kwenye laptopu ya ex-UK. Kwa hivyo swali si kama tutapakua. Swali ni hili: ukishapakua, unaifungulia wapi?

Msimamo wangu ni rahisi. Programu yoyote ambayo hujui imetoka wapi ifunguliwe kwanza ndani ya sandboksi. Na saiba yoyote inayoshika vitambulisho vya watu, hiyo hata isiwe ombi.

Sandboksi ni nini? Ukinunua mbuzi sokoni hapa Mutomo, mzee anayejua mifugo hatakubali umwingize zizini siku hiyo hiyo. Atakuambia mfunge kando, mwangalie kwanza. Akianza kukohoa, kumbe ana homa ya mapafu, umepoteza mbuzi mmoja. Ukimchanganya na wenzake, umepoteza zizi. Sandboksi ndiyo ule mti wa kando. Ni chumba ndani ya kompyuta, na programu ikiwa humo inadhani hiyo ndiyo kompyuta nzima. Inaweza kufuta, kuharibu, kufanya fujo yote, lakini inafanyia mle ndani.

Kama una Windows 10 Pro au 11 Pro, tayari unayo na pengine hujui. Inaitwa Windows Sandbox, na Microsoft waliitoa 2019. Unaenda kwenye sehemu ya kuwasha vipengele vya Windows, unaweka tiki, unarestati. Ukiifungua unapata Windows nyingine safi kama ya dukani. Unatia faili lako humo, unaliendesha, unaangalia. Ukifunga dirisha, kila kitu kinapotea. Inataka RAM ya GB 4 kwenda juu, ingawa 8 ndiyo raha, na lazima vachualaizesheni iwe imewashwa kwenye BIOS.

Wenye Windows Home hawana hiyo. Kwao kuna Sandboxie, programu ya tangu 2004. Iliwahi kuwa ya kulipia, lakini tangu 2020 msimbo wake uko wazi na toleo la Sandboxie-Plus ni la bure kwa matumizi binafsi. Ni nyepesi, laptopu ya zamani inaiweza. Lakini shika hii: kwa mipangilio yake ya kawaida, inazuia programu isiandike kwenye kompyuta yako, haiizuii kusoma. Programu ikiwa mwizi wa pasiwadi, bado inaweza kuchungulia. Kwa hivyo ikatie intaneti kwanza, isiwe na njia ya kutuma kitu nje.

Sasa mbona nasumbuka na hii story? Kwa sababu wezi wanajua tunachotafuta. Mwisho wa 2021, kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi KMSPico feki, ile ya kuamilisha Windows, ilivyokuwa inabeba CryptBot, ambayo kazi yake ni kuiba pasiwadi na pochi za kripto. Halafu kuna STOP, wengine wanaiita Djvu. Hiyo imesambaa sana kupitia programu zilizokrakiwa. Inafunga faili zako zote kisha inakuachia barua, ambayo kwa miaka mingi ilisema: lipa dola 980, au 490 ukiharakisha ndani ya saa 72. Hiyo "bei nafuu" ni zaidi ya shilingi 60,000. Msee anayekraki programu kwa sababu hana pesa ndiye anaitishwa hizo pesa. Ona hiyo hesabu.

Na kuna ishara moja ambayo sote tumeiona tukaizoea. Maelezo ya kraki nyingi huanza na "zima antivirusi kwanza". Fikiria mgeni anasimama getini anakuambia umfukuze askari ndiyo aingie. Kwenye nyumba yako ungekataa. Kwenye laptopu unabonyeza tu.

Wengine wananiambia, "Mimi sina kitu cha kuibiwa." Sawa, labda wewe huna. Lakini ingia saiba yoyote ya mji mdogo uhesabu. Kompyuta moja inafungua KRA ya mwalimu, HELB ya mwanafunzi, eCitizen ya dereva, na SHA ya susu ambaye hata hajui imeili yake inafanana aje. Picha za vitambulisho ziko kwenye deskitopu. Pasiwadi zimehifadhiwa kwenye brauza ili kazi iende haraka. Kisha jioni kijana wa zamu anachomeka flashi ya beste yake na kujaribu gemu. Hapo aliyehatarishwa si kijana. Ni susu, na hakuna mtu aliyemuuliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inamtaka anayeshika data ya mtu ailinde. Haisemi "isipokuwa kama saiba ni ndogo".

Wale wa kazi za mtandao, hii ni yenu pia. Klayenti mgeni akikutumia faili la ZIP lenye "maelezo ya kazi", na ndani kuna kitu kinaishia na .exe, hayo si maelezo. Maelezo ya kazi hayahitaji kuinstoliwa. Ukiwa na hamu sana ya kujua ni nini, kifungulie kwenye sandboksi, na usiingize pasiwadi yako yoyote humo.

Hapo ndipo watu hukosea kuhusu hiki kitu. Sandboksi si dawa ya kila ugonjwa. Ukiingia kwenye imeili yako halisi ukiwa ndani yake, umempa mwizi ufunguo kwa mkono wako. Pia kuna programu mbaya zinazotambua kwamba ziko sandboksi, zinanyamaza zikingoja utoke. Kwa hivyo programu ikitulia humo, hiyo si cheti cha usafi. Ipitishe pia VirusTotal, inaikagua kwa antivirusi nyingi kwa mpigo. Ila usipandishe huko nyaraka za wateja, kwa sababu yanayopandishwa huweza kuonwa na wengine.

Kuna atakayesema inachukua muda. Ni dakika chache. Kuinstoli Windows upya, kuomba fundi, kupoteza picha za miaka mitatu na kumweleza mteja mbona kazi yake imepotea, hiyo ndiyo inachukua muda. Na kabla hata ya sandboksi, jiulize kama unahitaji hiyo kraki. LibreOffice ni bure na inafungua Word. DaVinci Resolve ina toleo la bure, na kwa laptopu isiyoiweza kuna Kdenlive. Nusu ya hatari tunazobeba ni za kukraki vitu ambavyo vina ndugu wa bure.

Mimi sikumaliza chuo, na haya yote hayakunihitaji digrii. Yanahitaji tu ukubali kwamba faili usilolijua ni la kushuku hadi uone tabia yake. Leo usiku, kabla ya kumaliza bando kwa TikTok, angalia Windows yako ni Pro au Home, uchague moja kati ya hizo mbili. Na kama unafanya saiba, anza na hiyo mashine ya mbele, ile ambayo susu huketi kando yake.