Wanafunzi, Msiikwepe Mashine ya Kuazimia Vitabu

Vijana wetu mlio vyuoni, maneno haya ni yenu. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, ilijengwa ichukue vitabu 800,000 na watu 2,100 kwa wakati mmoja. Umati wa namna hiyo ukijipanga mbele ya kaunta wiki ya mitihani, mkutubi atapata wapi nafasi ya kumsaidia mwanafunzi anayehangaika na utafiti wake? Ndiyo sababu vyuo vingi duniani vimeweka mashine za kujiazimia vitabu, nasi tunawasihi msizikwepe popote mtakapozikuta.

Kazi ya mashine hizi haina uchawi. Ndani ya jalada hubandikwa chipu ndogo. Unapitisha kitambulisho, unaweka kitabu mezani pa mashine, mawimbi ya redio yanaisoma chipu, na kioo kinakuonyesha jina la kitabu na tarehe ya kukirudisha.

Wengi hawashindwi na mashine, wanashindwa na aibu. Mtu amerundika vitabu vitano, mashine imesoma vinne, yeye hakutazama kioo. Akifika mlangoni king'ora kinalia, watu wote wanageuka. Tangu siku hiyo harudi tena kwenye mashine, na wenzake walioona nao wanaiogopa. Kumbe dawa ni kuhesabu tu: vitabu vilivyo mkononi vilingane na majina yaliyo kwenye kioo. Tena fikirini faida hii: binti anayetaka kusoma juu ya ugonjwa unaomsumbua ana haki ya kuazima kitabu bila foleni nzima kujua anasoma nini.

Hata hivyo, lawama zote tusiwatwishe vijana. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Fred Davis, alionyesha kwamba watu huipokea teknolojia wakiona inawafaa katika kazi yao na haiwapi taabu kuitumia. Na kufaa ndiko kulikovuta zaidi. Chuo kinachofunga kaunta ghafla na kubandika tangazo ukutani hakijaonyesha lolote kati ya hayo mawili. Wakuu wa maktaba, wekeni mkutubi kando ya mashine majuma ya mwanzo wa muhula, na kaunta moja ibaki wazi kwa asiyeona vizuri na kwa siku umeme unapokatika.

Nanyi vijana, msingoje mitihani. Nendeni wiki hii na kitabu kimoja tu, mjaribu wakati hakuna foleni.